Ndugu Njiani: Barabara ya Morogoro na Makazi ya Manzese

Wahenga walisema kuwa undugu ni kufaana, si kufanana. Methali hii hutajwa sana shuleni, nao wanafunzi huifafanua kwa mifano ya jirani mwema aliyemshinda ndugu wa damu. Ni mara chache hutumiwa kuelezea historia ya mji. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba sehemu moja ya Dar es Salaam, yaani Manzese, haieleweki vizuri pasipo methali hiyo. Manzese haikuasisiwa na sultani, haikujengwa na kampuni, wala haikuchorwa kwanza na wapima ardhi wa serikali. Ilijengwa na ndugu waliofuatana njiani, mmoja nyuma ya mwenzake, kutoka pande zote za nchi. Na tutaona kwamba jambo gumu katika historia hiyo si jinsi ndugu hao walivyofika mjini. Jambo gumu ni kujua, walipokuwa njiani, ni upande upi hasa uliokuwa upande wa kurudi nyumbani.

Neno ndugu lina mapana yake. Kwa maana ya ndani kabisa ni mtoto wa tumbo moja, ambaye husemwa kuwa ni ndugu wa toka nitoke. Lugha yetu inalo pia neno umbu, ambalo siku hizi halisikiki sana, kwa ndugu wa kike wa mwanamume au ndugu wa kiume wa mwanamke. Nje ya hapo ndugu ni mtoto wa baba mkubwa, wa mama mdogo, wa shangazi na wa mjomba. Tena ni mtu wa kijiji kimoja unapokutana naye ugenini. Katika miaka ya kupigania uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, neno hili lilipanuka likawafikia wananchi wote, hata waziri na mfagiaji wakaitana ndugu. Lakini upanuzi huo haukuanzia katika siasa. Ulikuwa umekwisha kuanza zamani, na ulianzia njiani.

Njia ya wapagazi

Katika karne ya 19 njia kuu ya kutoka pwani kwenda bara ilianzia Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika Unyanyembe karibu na Tabora ya leo, kisha ikaendelea hadi Ujiji kando ya Ziwa Tanganyika. Safari ya miguu kutoka pwani hadi Unyanyembe ilichukua miezi mitatu au zaidi. Mwaka 1857 Waingereza Richard Burton na John Speke waliifuata njia hiyo, na vitabu vya Ulaya vikawaita wavumbuzi. Wanyamwezi walikuwa wakiipita kwa miaka mingi kabla yao, wakipeleka pembe za ndovu pwani na kurudi na nguo, shanga na nyaya za shaba. Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa na uzito wa ratili 60 hadi 70 hivi.

Wapagazi hao walisafiri kwa makundi ya watu waliojuana: ndugu, mashemeji na vijana wa kijiji kimoja. Mbele yao alitangulia kirangozi, na nyuma walifuata hata wanawake na watoto. Kambini watu wa kundi moja walipika pamoja na kula pamoja. Wengi wao walipanga safari zao kwa kuangalia majira ya mvua, kwa maana mpagazi alikuwa pia mkulima, na shamba lake lilimngoja. Kwa Mnyamwezi, basi, njia ya kurudi nyumbani ilielekea machweo ya jua. Pwani ilikuwa mahali pa kutua mzigo. Nyumbani kulikuwa bara.

Hata hivyo, mtu anayesafiri miezi mingi anaweza kuugua na kufa mbali na kwao. Nani atamzika? Jibu la swali hili mojawapo lilikuwa utani. Utani baina ya Wanyamwezi na makabila ya pwani, wakiwamo Wazaramo, ulistawi sana katika njia hizo za misafara. Vijana wa leo wanaujua utani kwa mizaha na matusi yasiyo na chuki. Wazee waliujua kwa kazi nzito zaidi. Mtani alishika nafasi ya jamaa penye msiba. Alishughulikia maziko ya mtu ambaye mjomba wake na shangazi yake walikuwa mwendo wa miezi mitatu, na alikuwa na haki ya kuchukua kitu cha mfiwa bila ya kulaumiwa. Kwa hiyo twaweza kusema kwamba utani ulikuwa njia ya kumpatia msafiri ndugu mahali ambapo hakuwa na ndugu. Hili ni jambo la kukumbuka, kwani tutalikuta tena Manzese.

Reli, mkonge na mji

Sultani Majid bin Said wa Zanzibar alianza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, karibu na kijiji cha Mzizima. Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao ya serikali yao hapo kutoka Bagamoyo. Ujenzi wa reli ya kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905; ukafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari ya miezi ikawa safari ya siku. Kazi ya upagazi ilipungua, ingawa haikwisha mara moja. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walikusanya maelfu ya Waafrika wa kubeba mizigo ya jeshi, na kambi yao ya Dar es Salaam ndiyo iliyouachia mtaa wa Kariakoo jina lake. Wengi katika wapagazi hao hawakurudi kwao kamwe.

Baada ya wapagazi walikuja manamba. Mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro yalihitaji mikono mingi, na mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU. Vijana kutoka Kigoma, Songea na sehemu nyingine za mbali walipewa namba, wakatiwa mkataba, wakapakiwa katika magari na mabehewa. Mkataba ulipokwisha walitakiwa kurejea makwao, na wengi walirejea. Wengine, walipofika penye njia panda, waligeuza uso upande wa bahari. Walikuwa wamesikia kwamba Dar es Salaam kuna kazi ya bandarini, kuna kazi ya nyumbani kwa wazungu na Wahindi, na kuna kaka wa mtu fulani anayeishi Magomeni.

Serikali ya kikoloni haikupenda kumwona Mwafrika mjini kama mwenyeji. Alihesabiwa kuwa mtu wa kupita: afanye kazi, alipwe, kisha aende kwao. Katika miaka ya 1940 na 1950 kulikuwa na sheria ya kuwaondoa mjini wale walioonekana hawana kazi. Kwa sababu hiyo kijana mgeni hakutafuta kwanza kazi wala nyumba, alimtafuta ndugu. J.A.K. Leslie, aliyefanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam na kitabu chake kutoka mwaka 1963, alieleza jinsi mgeni alivyopokewa na jamaa yake, akalala kwake na kula kwake mpaka apate njia. Hapakuwa na ofisi iliyofanya kazi hiyo. Iliyofanya ni mkeka uliotandikwa sakafuni katika chumba cha kaka.

Tazama hesabu zenyewe. Mwaka 1957 Dar es Salaam ilikuwa na watu 128,742. Mwaka 1967 walikuwa 272,821. Mwaka 1978 mkoa mzima ulihesabiwa watu 843,090. Ongezeko kama hilo haliwezi kuelezwa kwa viwanda tu, maana viwanda havikuwa vingi kiasi hicho. Linaelezwa vizuri zaidi kwa mkeka ule.

Manzese inazaliwa

Manzese iko kiasi cha kilomita 8 kutoka katikati ya mji, kando ya Barabara ya Morogoro, baina ya Magomeni na Ubungo. Kabla ya mji kuifikia palikuwa na mashamba ya minazi, mikorosho na mihogo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 mtu hakuzuiwa tena kuingia mjini, na Magomeni ilikwisha kujaa. Mgeni aliyekwisha kupata kazi na vijisenti alimwendea mwenye shamba, wakapatana bei ya kipande cha ardhi pamoja na miti iliyosimama juu yake. Hakukuwa na hati yenye muhuri wa serikali. Palikuwa na karatasi ya mkono na mashahidi.

Mambo mawili yaliharakisha kukua kwa Manzese. La kwanza ni kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, mwendo mfupi tu kutoka Manzese. Mtu aliyepata kazi ya zamu katika kiwanda hicho alihitaji mahali pa kulala ambapo angeweza kurudi kwa miguu usiku. La pili ni barabara yenyewe. Mnamo tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa uongo, na Zambia, nchi isiyo na bahari, ikajikuta imezibiwa njia ya kusini. Mafuta yake na shaba yake vikalazimika kupita Tanzania. Kutoka Dar es Salaam hadi mpakani Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, na sehemu kubwa ya njia baada ya Morogoro ilikuwa ya udongo: vumbi wakati wa kiangazi, tope na utelezi wakati wa masika. Malori yaliyobeba mapipa ya mafuta yalipinduka kwa wingi, na madereva wengi walipoteza maisha. Bomba la mafuta la TAZAMA lilipoanza kazi mwaka 1968 lilipunguza mzigo huo. Barabara kuu ya lami ikakamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970, na reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ikakabidhiwa rasmi mwaka 1976.

Barabara iliyotengenezwa kwa ajili ya kuiokoa Zambia iliwafaa pia wananchi wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songea. Mtu aliyezoea kusikia Dar es Salaam katika barua sasa aliweza kupanda gari na kwenda kuiona. Na gari hilo, kabla ya kuingia mjini, lilipita mbele ya mlango wa ndugu yake pale Manzese.

Nyumba za Manzese zilifaa kazi hiyo ya kupokea. Nyumba ya kawaida ya Kiswahili ina baraza mbele, ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu kila upande, na ua nyuma wenye jiko na choo. Mwenye nyumba alianza na vyumba viwili vya miti na udongo; alipopata fedha akaongeza viwili, akabadili makuti kwa bati na udongo kwa matofali. Chumba kimoja alilala yeye na mkewe, kingine mdogo wake aliyekuja kutafuta kazi, kingine dada yake aliyekuja kusaidia kulea mtoto, na vilivyobaki alipangisha. Mdogo mtu alipopata kazi naye akanunua kiwanja nyumba ya nne kutoka pale, na mwaka uliofuata akamwita mwingine. Ndivyo ilivyotokea kwamba katika Manzese mtaa mmoja uliweza kuwa na watu wengi wa wilaya moja ya bara.

Kwa muda serikali ilifuata desturi iliyorithiwa ya kubomoa makazi yasiyopimwa. Mwaka 1972 sera hiyo ilibadilishwa, ikaamuliwa kwamba makazi kama Manzese yaboreshwe badala ya kuvunjwa. Kuanzia mwaka 1974, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, vilipimwa viwanja vipya Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, na Manzese ikaanza kupatiwa barabara za ndani, mifereji na maji. Uamuzi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko mabomba yake. Kwa mara ya kwanza dola ilikiri kwamba watu wale hawakuwa wapita njia.

Kipande cha mwisho cha safari

Msomaji na aitazame ramani ya Tanzania. Barabara ya kutoka Mbeya na Songea kupitia Iringa, na ile ya kutoka Dodoma, hukutana Morogoro. Ile ya kutoka Arusha, Moshi na Tanga huungana nazo Chalinze. Kutoka Chalinze mpaka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita 100 hivi, wasafiri wa pande zote hizo wamo katika njia moja. Wanavuka Mto Ruvu, wanapita Mlandizi na Kibaha, wanaingia Kibamba, Mbezi na Kimara, wanateremka Ubungo, na mbele yake ni Manzese. Kwa hiyo kipande hiki cha mwisho ni cha taifa zima.

Tuchukue mfano wa ndugu watatu wa tumbo moja wanaorudi Manzese kutoka Songea, walikokwenda kumzika bibi yao. Mfano huu tumeutunga, lakini kila mwalimu anayefundisha Dar es Salaam atakuwa na wanafunzi wanaofanana nao. Kaka mkubwa alizaliwa kijijini na kuletwa mjini akiwa na miaka saba. Dada anayemfuata alizaliwa mjini, lakini alipelekwa kwa bibi akasoma huko miaka minne. Kitinda mimba amezaliwa na kukulia Manzese, na hii ilikuwa safari yake ya pili tu ya kwenda bara. Juu ya basi wamepakia gunia la mahindi, mchele na maharage, vyote vya kugawa. Njiani dada ndiye anayejua kilicho cha nani: hiki cha mama, hiki cha jirani aliyebaki na funguo, hiki cha shangazi wa Temeke ambaye hakuweza kusafiri.

Wakifika Chalinze jua linaanza kupungua, na wauzaji wanakuja madirishani na mayai ya kuchemsha na karanga. Kaka anasema, "Sasa tumekaribia mjini." Kitinda mimba anasema, "Sasa tumekaribia nyumbani." Maneno mawili haya yanataja mahali pamoja. Kwa kaka, nyumbani ni kule walikotoka, penye makaburi ya babu na sasa ya bibi. Dar es Salaam ni mjini, hata baada ya miaka thelathini. Kwa mdogo wake, kule ni kijijini kwa bibi, na nyumbani ni nyumba ya baba pale Manzese. Dada hunyamaza, kwa kuwa yeye anazijua njia zote mbili kwa miguu yake.

Wanahistoria wanaotafuta mwaka ambao watu wa bara waligeuka kuwa watu wa Dar es Salaam hawataupata katika nyaraka. Mageuzi hayo yalifanyika ndani ya mabasi, baina ya ndugu waliokaa kiti kimoja, mmoja akisema mjini na mwingine akisema nyumbani. Hatuoni kwamba kuna aliyekosea. Kaka anasema kweli juu ya asili, na mdogo anasema kweli juu ya maisha. Kinachowaunganisha ni kwamba wamekwenda pamoja, wamezika pamoja, na wanarudi na mzigo mmoja.

Kurudishwa kwa nguvu

Swali la nyumbani ni wapi lilipata uzito wa kutisha mwaka 1983. Hali ya uchumi ilikuwa mbaya: vita dhidi ya Idi Amin vya mwaka 1978 na 1979 vilikuwa vimekula akiba, bidhaa zilikuwa adimu, na viwanda vilifanya kazi chini ya uwezo wake. Serikali ilipitisha sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, kwa lengo la kumfanya kila mtu mwenye nguvu afanye kazi ya uzalishaji. Katika utekelezaji wake, watu wa Dar es Salaam walisimamishwa njiani na kutakiwa waonyeshe kitambulisho cha kazi. Waliokosa walikamatwa, na wengi walipakiwa katika magari kupelekwa mashambani au katika mikoa yao ya asili.

Nia ya sheria hiyo hatuidharau, kwani nchi ilihitaji chakula, na uvivu hauna mtetezi. Lakini historia yatutaka tuseme pia upande wa pili. Muuza samaki wa kukaanga, fundi viatu wa barazani na mama wa maandazi hawakuwa na kitambulisho, ingawa walifanya kazi tangu alfajiri. Na kijana aliyezaliwa Manzese, aliyeambiwa arudishwe kwao, alirudishwa wapi? Kwao kulikuwa pale pale alipokamatwa. Barabara ile ile iliyomleta baba yake sasa ilimchukua yeye kinyumenyume, kwenda katika kijiji alichokijua kwa hadithi. Wengi waliopelekwa hivyo walirudi baada ya muda mfupi, na waliowapokea na kuwaficha walikuwa ndugu zao. Katika mwaka huo huo wa 1983 mabasi madogo ya watu binafsi, yaliyokuja kuitwa daladala, yaliruhusiwa kubeba abiria mjini, kwa kuwa shirika la UDA peke yake halikuweza tena kuwatosheleza. Nguvu Kazi iliwatafuta watu wa mitaa ya pembeni ili iwaondoe, na wakati huo huo mji ulihitaji mabasi zaidi ya kuwaleta kazini kila asubuhi. Mambo hayo mawili hayakuweza kukaa pamoja kwa muda mrefu.

Nyumba ya urithi

Tukiusifu undugu bila kutaja madhaifu yake tutawadanganya wanafunzi wetu. Ndugu waliopokeana kwa mkeka mmoja wamegombana pia, na mara nyingi ugomvi huanza siku baba mwenye nyumba anapofariki. Kiwanja kilichonunuliwa kwa bei ya minazi michache sasa kina thamani kubwa, kwa kuwa kiko karibu na barabara kuu. Kaka mkubwa anasema nyumba ni ya ukoo na kodi aishike yeye. Mdogo anataka iuzwe kila mtu apate chake. Dada, aliyemuuguza baba miaka mitano, anaambiwa yeye ameolewa, aende kwa mumewe.

Sheria ya kimila iliyotangazwa mwaka 1963 kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba ilimweka mtoto wa kike katika daraja la tatu la urithi, baada ya mtoto wa kwanza wa kiume na watoto wengine wa kiume. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilitamka kwamba mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Baina ya matamko hayo mawili dada wengi wamesimama uani na mizigo yao, wasijue waende wapi. Ikiwa Manzese ilijengwa kwa kufaana, basi kumtoa dada katika nyumba aliyosaidia kuijenga ni kuibomoa Manzese kutoka ndani. Tusisahau ni nani aliyegawa mahindi yale yakafika kwa mama, kwa jirani na kwa shangazi wa Temeke.

Wahenga walisema pia: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime; wakipatana, chukua kapu ukavune. Maana yake ni kwamba ugomvi wa ndugu hauna haja ya mtu wa tatu, kwani watapatana. Tungependa methali hiyo iwe kweli siku zote. Nyumba iliyokwisha kuuzwa, hata hivyo, haivunwi tena.

Wajibu wa wasomaji

Njia imebadilika. Zamani mabasi ya mikoani yalipita Manzese kwenda kukomea katikati ya mji, sehemu kama Kisutu na Mnazi Mmoja. Baadaye yalikomea Ubungo, na tangu mwaka 2021 kituo kikuu kiko Mbezi. Tangu mwaka 2016 mabasi yaendayo haraka yanapita katikati ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kivukoni, yakisimama Urafiki, Manzese na Magomeni. Manzese yenyewe, iliyokuwa katika Wilaya ya Kinondoni, iliwekwa katika Wilaya ya Ubungo wilaya hizo zilipogawanywa katika miaka ya 2010. Kwa sensa ya mwaka 2022 Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728. Mahali palipokuwa pembezoni mwa mji sasa pamezungukwa na mji kila upande, na wageni wapya huanza maisha yao mbele zaidi, huko huko Mbezi na Kibamba, kwa kaka na dada waliotangulia.

Wazee walionunua viwanja vya kwanza ni wachache sasa, na habari zao hazimo katika vitabu. Tunawaomba walimu wa historia wawape wanafunzi kazi ifuatayo wakati wa likizo. Kila mmoja amuulize mzee wa nyumbani mwake: ni nani aliyemtangulia kuja mjini, alipofika alilala kwa nani, na yeye mwenyewe alimpokea nani baadaye. Majibu yaandikwe pamoja na majina ya vijiji, vyombo vya usafiri na miaka. Wanafunzi wasisahau kuwauliza wanawake, ambao mara nyingi huachwa nje ya masimulizi ya safari, ingawa ndio waliofungua mizigo. Darasa moja litapata mnyororo wa watu unaotoka Kigoma, Songea, Tabora na Lushoto na kukutania uani mwa nyumba moja.

Mnyororo huo ni sehemu ya utamaduni wetu sawa na ngoma na ushairi. Taifa lenye makabila zaidi ya 120 halikujifunza kuishi pamoja kwa hotuba tu, ingawa hotuba zilisaidia. Lilijifunza kwanza njiani, pale mpagazi alipomzika mtani wake. Likajifunza tena pale mgeni wa usiku alipobisha hodi Manzese, akajibiwa karibu, kisha mtu aliyekuwa amekwisha kulala akasogea upande wa mkeka ili naye apate mahali.